Tatu na Kidogo: Kwa Wanaoanza Kujifunza Mzingo na Kipenyo

Vijana wanaoingia katika karakana yetu ya mbao na mabati hapa Goma, wengi wao wakiwa wametoka shule ya sekondari juzijuzi, huja na namba moja ambayo hawaisahau: 3.14. Ukiwauliza pai ni nini, huitaja haraka na kwa sauti. Ukiwauliza swali la pili, yaani hiyo 3.14 inalinganisha kitu gani na kitu gani, wengi hunyamaza na kutazama chini. Nimewafundisha vijana wa namna hiyo kwa miaka kadhaa, na mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao, kwa hiyo ninawaandikia ninyi mnaoanza, mkiwa darasani au mkiwa mmeshika msumeno, ili msikae na namba hiyo muda mrefu kama nilivyokaa nayo bila kujua ilikotoka.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno, kwa sababu huku kwetu masomo hufundishwa kwa Kifaransa, kazi hufanywa kwa Kiswahili, na mwanafunzi hubaki katikati. Mzingo ni urefu wa mstari unaolizunguka duara, yaani urefu ambao ungeupata kama ungelikata duara mahali pamoja na kulinyoosha. Kipenyo ni umbali wa kutoka ukingo mmoja hadi ukingo wa pili kwa kupita katikati kabisa. Nusukipenyo ni umbali kutoka katikati hadi ukingoni. Pai ni jibu unalopata unapogawanya mzingo kwa kipenyo, na maana yake haina zaidi ya hapo: inakwambia kipenyo kinaingia mara ngapi katika mzingo wa duara lake.

Sasa wekeni kalamu chini na mtafute uzi, rula, na vitu vya mviringo. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu sijawahi kumwona mwanafunzi aliyepima kwa mikono yake akasahau pai, na nimewaona wengi walioikariri wakaisahau. Chukueni kikombe cha bati, mfuniko wa sufuria, mbabula ya kupikia, yaani jiko la makaa, na kama mna bahati ya kuwa karibu na fundi wa chukudu, yaani gari la mbao la kusukumwa, gurudumu lake. Zungusheni uzi kwenye ukingo mara moja, wekeni alama pale unapokutana, unyoosheni juu ya rula, kisha pimeni kipenyo na mgawanye. Kikombe chenye kipenyo cha sentimita 7 kitawapa mzingo wa karibu sentimita 22. Mfuniko wa sentimita 24 utawapa kama 75.4, mbabula ya sentimita 35 itawapa karibu 110, na gurudumu la sentimita 42 litawapa karibu 132. Gawanyeni kila moja, na majibu yote yatakuja mahali pamoja, tatu na kidogo.

Yatakuja karibu, hayatalingana kabisa, na hapa ndipo wanaoanza hukata tamaa mapema mno. Mmoja atapata 3.12, mwingine 3.23, naye atadhani kwamba ama kitabu kimekosea ama kikombe chake kina kasoro. Karibu kila mara kosa liko katika namna ya kupima, nami nimelikuta katika sehemu mbili zilezile mwaka baada ya mwaka. La kwanza ni kipenyo. Mwanafunzi huweka rula juu ya kikombe akidhani amepita katikati, kumbe amepita pembeni kidogo, akasoma 6.8 badala ya 7. Akigawanya 22 kwa 6.8 anapata 3.23 na zaidi. Dawa yake ni nyepesi: shikilia mwanzo wa rula kwenye ukingo mmoja bila kuusogeza, kisha pitisha upande wa pili taratibu huku na huku, na usome namba kubwa kuliko zote utakazoziona, kwa kuwa katika duara hakuna mstari ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo unaokizidi kipenyo kwa urefu. Kosa la pili ni unene wa uzi. Kamba yenye unene wa milimita 2 haizunguki juu ya kikombe chenyewe, inazunguka juu ya duara lililo kubwa kidogo, lenye kipenyo cha sentimita 7.2 ukihesabu katikati ya kamba, na urefu wake unakuwa sentimita 22.6. Gawanya kwa 7, nawe umefika tena 3.23 bila kukosea kusoma mahali popote. Kamba hiyohiyo ukiizungusha kwenye gurudumu la sentimita 42 itakupa kama 3.16, kwa sababu unene uleule ni mdogo sana ukilinganishwa na kitu kikubwa. Kwa hiyo tumieni uzi mwembamba wa kushonea, pimeni vitu vikubwa kwanza, na kwa vitu vidogo zungusheni uzi mara kumi, duara baada ya duara bila kuupandanisha, kisha mgawanye urefu wote kwa kumi.

Baada ya vipimo hivyo huja swali ambalo mwanafunzi mwenye akili nzuri lazima aliulize, na asipoliuliza mimi humwuliza: kwa nini kikombe na mbabula vinatoa jibu moja, wakati havifanani kwa ukubwa wala kwa kazi? Jibu ni kwamba maduara yote yana umbo moja tu. Mistatili ina maumbo mengi, mingine mirefu na myembamba kama mlango, mingine mipana kama meza, na kila mmoja una uwiano wake. Duara halina nafasi ya kuwa jembamba au pana. Linaweza tu kuwa dogo au kubwa. Ukilikuza duara la kikombe mara sita, kipenyo kinakua mara sita, mzingo nao unakua mara sita, na ukigawanya kimoja kwa kingine ule ukuzaji unajifuta wenyewe. Sisi wa Goma tunao mfano mkubwa juu ya vichwa vyetu. Kasoko ya Nyiragongo, yaani shimo la kileleni mwa volkano yetu, ina kipenyo cha takriban kilomita 1.2, na ingawa ukingo wake wa miamba si duara kamili, anayetaka kukadiria urefu wa kuuzunguka hana haja ya hesabu nyingine isipokuwa ile ya kikombe cha chai: 1.2 mara tatu na kidogo, yaani karibu kilomita 3.8.

Neno hilo, kidogo, ndilo lililonigharimu. Nilipoanza kazi nilikuwa kwa mzee aliyetengeneza chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili ambalo hushushwa kutoka Kibumba na vilima vya kaskazini likiwa limebeba viazi, kabichi na makaa, mwenyewe akiwa amepiga goti juu ya ubao. Magurudumu yake ni ya mbao, na ukingo wake huvikwa ukanda wa mpira uliokatwa kutoka tairi kuukuu, ambao hupigiliwa misumari. Mzee alikuwa amenieleza kwamba ukanda hukatwa mara tatu na kidogo ya upana wa gurudumu. Mimi nilikuwa nimetoka shuleni, nikaona tatu inatosha. Gurudumu lilikuwa la sentimita 42, nikakata ukanda wa sentimita 126, na ulipofungwa ukabaki uwazi wa sentimita sita, mpana kuliko vidole vitatu. Mpira ule ulikuwa mzuri na ulikuwa wa mwisho siku hiyo. Mteja alirudi kesho yake. Mzee hakunipigia kelele. Alichukua kipande cha chaki, akaligawanya gurudumu kwa alama sita, na akaniambia nitazame nafasi zilizoko kati ya alama na alama.

Alama zile sita ninawaonyesha wanafunzi wangu wote, kwa sababu zinaeleza kwa macho kwa nini pai inazidi tatu. Tafuteni mahali penye vumbi jeusi la lava, ambalo halikosekani katika mji wetu, pigeni msumari, fungeni kamba ya mita moja, na chora duara. Kisha bila kubadilisha urefu wa kamba, anzieni mahali popote ukingoni na mpime hatua za mita moja moja kutoka ukingo hadi ukingo. Hatua ya sita itarudi pale mlipoanzia. Mafundi seremala wanaijua hila hii kwa bikari na huitumia kuchora maua ya milango, lakini wachache hujiuliza inasema nini juu ya mzingo. Hatua sita za mita moja ni mita sita, na kipenyo cha duara hilo ni mita mbili. Kwa hiyo njia ya kunyooka kupitia alama zote sita ni mara tatu kamili ya kipenyo. Lakini mzingo haukupita njia ya kunyooka. Kati ya kila alama na alama umejipinda kuelekea nje, na kilichojipinda ni kirefu kuliko kilichonyooka. Pimeni pindo moja kwa uzi na mtaona kwamba badala ya sentimita 100 lina karibu 104.7. Ile 4.7 mara sita inakaribia sentimita 28, nayo ndiyo "kidogo" ya mzee katika duara la kipenyo cha mita mbili. Sasa zungushieni duara hilohilo mraba unaoligusa pande zote nne; kila upande una urefu wa kipenyo, jumla ni vipenyo vinne, na duara limo ndani. Tayari mmethibitisha wenyewe, bila kitabu, kwamba pai iko kati ya tatu na nne na kwamba iko karibu zaidi na tatu.

Njia hiyohiyo ndiyo iliyomfikisha mbali Archimedes wa Syracuse, mwanahisabati wa Kigiriki, aliyefariki mwaka 212 kabla ya Kristo. Alianza na umbo la pande sita, akaligeuza la pande 12, kisha 24, 48, hadi 96, akihesabu la ndani ya duara na la nje yake, na akaonyesha kwamba pai ni kubwa kuliko 3 na 10/71 na ni ndogo kuliko 3 na 1/7. Mkipenda kuona jinsi anavyolibana, umbo la ndani la pande 12 hutoa 3.106, la pande 24 hutoa 3.133, la pande 48 hutoa 3.139, na la pande 96 hutoa 3.141. Alifanya hivyo bila desimali kama tunazozitumia leo, na kila ninapoifikiria kazi ile ninamheshimu zaidi. Alama yenyewe ya herufi ya Kigiriki π ilichelewa sana. William Jones aliitumia kwa maana hii mwaka 1706, na Leonhard Euler akaieneza.

Kutoka kwa Archimedes ndipo ilipotoka ile 22/7 ya darasani, na hapa naomba mnisikilize vizuri. 22/7 si pai. 3.14 nayo si pai. Zote mbili ni jirani zake. Johann Heinrich Lambert alithibitisha katika karne ya 18 kwamba hakuna sehemu ya namba nzima kwa namba nzima inayolingana na pai, kwa hiyo desimali zake, 3.14159265 na kuendelea, haziishi wala hazianzi kujirudia kwa mpangilio. Swali la fundi na la mwanafunzi ni moja: jirani yupi anatosha kwa kazi hii? Chukueni duara la kipenyo cha mita moja. Ukitumia 3.14 utapungukiwa na milimita 1.6, ukitumia 22/7 utazidisha milimita 1.3. Watu wengi hushangaa kwamba 22/7, wanayoiona ya kizamani, iko karibu zaidi kidogo. Ukitumia 3.1416 kosa lako ni dogo kuliko unene wa unywele. Kwa ukanda wa mpira, 22/7 inatosha kabisa, na kipenyo kikiwa kinagawanyika kwa 7, kama 42, hesabu inafanyika kichwani: 42 ni saba mara sita, sita mara 22 ni 132. Kwa bati ninatumia 3.1416. Kwa anayependa sehemu, kuna 355/113, iliyojulikana kwa Zu Chongzhi huko Uchina katika karne ya 5. Andika 113355, ikate katikati, na ugawanye nusu ya pili kwa nusu ya kwanza. Kwa duara la kipenyo cha kilomita moja, kosa lake halifiki nusu milimita.

Ninataja bati kwa sababu ndilo linalofichua uelewa wa mtu. Darasani mstari wa duara hauna unene; katika karakana kila kitu kina unene, na kipenyo kinakuwa zaidi ya kimoja. Tuseme mteja anataka bomba la bati lenye kipenyo cha nje cha sentimita 30, na bati lina unene wa milimita 2. Anayeanza huzidisha 300 kwa 3.1416, anapata milimita 942.5, anakata, anakunja, anachomelea, kisha mfuniko uliotengenezwa kwa sentimita 30 unakataa kuingia. Bati linapokunjwa, uso wa nje huvutwa na uso wa ndani hubanwa, na urefu usiobadilika ni ule wa katikati ya unene. Kipenyo cha kuzidisha ni kile cha katikati, yaani 300 ukitoa unene mmoja, 298, na urefu wa kukata ni milimita 936.2. Tofauti ni milimita sita, ambazo ni unene wa bati mara pai. Nimeona mabati mengi yakitupwa kwa sababu ya milimita hizo sita, na wenye kuyatupa walikuwa watu waliojua fomula vizuri.

Mkitaka kujizoeza kwa upande wa pili, litazameni pipa la mafuta la lita 200 ambalo mafundi wa mtaa wetu wa Birere hulifungua ili wapate bati. Kipenyo chake ni kama sentimita 57. Kabla hamjalipasua, semeni bati litakuwa na urefu gani. 57 mara tatu ni 171, na moja ya saba ya 57 ni kama 8, jumla 179. Likishapasuliwa na kunyooshwa, mtapima karibu mita 1 na sentimita 80. Kutabiri kipimo na kisha kukiona kikitimia humpa mwanafunzi imani ambayo mtihani hauwezi kumpa.

Kuna jambo jingine ambalo hutokana moja kwa moja na uwiano huu na ambalo akili hukataa kulikubali mara ya kwanza. Kama mzingo ni pai mara kipenyo, basi ukiongeza kipenyo kwa sentimita moja, mzingo unaongezeka kwa sentimita 3.14, na haijalishi duara lilikuwa na ukubwa gani. Pete ya chuma ya kikombe na pete ya chuma ya tangi zote zinahitaji nyongeza ileile. Ikweta hupita katika mkoa wetu wa Kivu ya Kaskazini, kusini kidogo ya Butembo, na urefu wake wa kuizunguka dunia ni kilomita 40,075. Tuchukulie kwamba kamba imeifunga dunia yote barabara, kisha tumeiongeza mita moja tu na kuiinua sawasawa kila mahali. Wanafunzi wote husema kamba haitaonekana imeinuka. Itainuka sentimita 16, yaani mita moja ukiigawanya kwa maradufu ya pai, 6.28, sawa kabisa na ambavyo ingeinuka juu ya sufuria. Msinikubalie kwa maneno. Fanyeni hesabu kwa sufuria, kisha kwa kasoko, kisha kwa dunia.

Kuhusu kuchanganya fomula ya mzingo na ya eneo, nitasema kwa ufupi. Mzingo ni urefu, hupimwa kwa sentimita, kwa hiyo ndani yake nusukipenyo hutokea mara moja tu: pai mara mbili mara nusukipenyo. Eneo hupimwa kwa sentimita za mraba, kwa hiyo nusukipenyo lazima kizidishwe kwa chenyewe. Ukikumbuka unapima nini, huwezi kuzichanganya.

Zoezi la mwisho ninalowapa wanaoanza hulifanyia barabarani, asubuhi kabla pikipiki hazijawa nyingi. Chukueni chukudu yenye gurudumu la mbele la sentimita 42 ukihesabu na mpira wake, wekeni alama ya chaki ukingoni mahali panapogusa ardhi, na nyingine juu ya lami chini yake. Isukumeni polepole kwa mstari ulionyooka mkihesabu kila alama inaporudi chini, na simameni ya kumi. Pimeni umbali. Mzunguko mmoja wa gurudumu huuweka mzingo wote chini mara moja, kwa hiyo mtakuta karibu mita 13.2, na mkigawanya kwa kumi, kisha kwa 0.42, pai itatokea mikononi mwenu kwa usahihi kuliko ilivyotokea kwa uzi. Mkipata zaidi, rudieni mkiwa mmeweka mzigo wa viazi juu yake: gurudumu tupu huruka juu ya mawe na kuteleza, likiwa zito hukanyaga. Kisha pigeni hesabu ni mara ngapi gurudumu hilo huzunguka katika kilomita moja. Mimi ninapata 758.